Dozi ya Alhamisi

Siku Kondo alipoanza kutokuwepo, yeye alibaki amesimama na mimi ndiye niliyelala.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza baada ya Idi Kubwa. Nililala chali kwenye kitanda cha Mamlaka ya Zamu, chumbani kwetu Tandika, mikono ubavuni kama tulivyofundishwa. Mume wangu alikuwa ameshika bomba la sindano. Kwenye kitanda cha pili, upande wa dirishani, alikuwa mke mwenzangu Siwema, anamalizia wiki yake ya kulala. King'ora cha kwanza kilikuwa kimeshalia. Cha pili kikilia, Zamu ya Kwanza yote ya Dar es Salaam hulala na Zamu ya Pili huamka.

Mwaka mzima uliotangulia Kondo alikuwa wa Zamu ya Kwanza, pamoja nami. Sasa ilikuwa haki ya Siwema.

"Mama Sefu, usinitazame hivyo," alisema. "Mwaka si kitu."

"Si kitu kwako. Nikiwa macho, wewe umelala. Ukiwa macho, mimi nimelala. Tutaonana wapi?"

"Si tutaonana humu humu ndani."

"Kumtazama mtu anayekoroma si kuonana."

Alicheka, akanipaka spiriti mkononi. "Nimeamrishwa niwe mwadilifu. Mwaka kwako, mwaka kwake. Unataka nimwibie mmoja wenu?"

"Mwibie yeye."

Alicheka tena, lakini kwa sauti ndogo, kwa sababu alijua sitanii. Sindano ikaingia. Usingizi wa Mamlaka hauji kama usingizi wa Mungu. Unaanzia miguuni na kupanda polepole, na kichwa ndicho cha mwisho. Ulipofika kifuani niliona kidole cha Siwema kikicheza juu ya shuka. Kisha kiganja. Kisha akakohoa, na Kondo, ambaye alikuwa bado ameushika mkono wangu, akageuza shingo kumtazama.

Hicho ndicho nilichokwenda nacho usingizini wiki nzima: kisogo cha mume wangu.

*

Kondo alikuwa mtu wa barabara. Tangu ujana wake alisimamia kazi za lami, na miaka mingi aliitumia kupanua Barabara ya Mandela. Njia nne zikawa sita, sita zikawa nane. Kila walipokata utepe, alirudi nyumbani akiwa na uso uleule.

"Tumewafungulia mlango tu," alikuwa akisema. "Ukipanua njia, unawaita. Aliyekuwa amekata tamaa ya gari ananunua gari. Mwaka haujaisha, pamejaa."

Mimi nilimuuliza mara moja, basi dawa yake ni nini. Akaniambia barabara haina kosa. Kosa ni kwamba watu milioni kumi na tano wanalala pande zote za jiji na kila asubuhi wanataka mahali pamoja: Posta na Kariakoo. Kazi ziko huko, hospitali kubwa ziko huko, na hata muhuri wa kuthibitisha kwamba mtu amekufa ulifuatwa huko. Wapelekeeni kazi Chanika na Mbagala, alisema, na barabara zitapumua zenyewe.

Wakubwa walilisikia wazo hilo, maana si yeye peke yake aliyelisema. Lakini kujenga ofisi, masoko na hospitali pembezoni kungechukua miaka ishirini. Kulaza watu kulichukua miwili. Dawa ilikuwapo tayari, ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa mahututi. Jiji likagawanywa mara mbili, wiki kwa wiki. Waliolala hawakuwasha gari, hawakula, hawakutumia maji. Hawakuzeeka pia, au walizeeka kidogo sana, na hilo ndilo lililowafanya watu wengi waseme ndiyo.

Mtoto hachomwi sindano mpaka atimize miaka kumi na miwili. Kwa hiyo nyumba zenye watoto zilihamishiwa Chalinze, mbali na zamu. Mwanangu Sefu ni mtu mzima, anafanya kazi Mtwara. Mtaani kwetu hapakuwa na sauti ya mtoto hata moja.

Na kila aliyelala alitakiwa awe na ndugu aliye macho wa kumwangalia: kumgeuza asubuhi na jioni asipate vidonda, kumlowanisha midomo, kumwosha, na kila Alhamisi kumchoma dozi ya pili, ile inayoushikilia usingizi mpaka Jumapili. Ndugu zangu wako Kisarawe. Ndugu za Siwema wako Liwale. Mwanaume hawezi kuachiwa shughuli hiyo, hasa anayeshinda kwenye lami. Mamlaka ilitafuta katika kompyuta zake ndugu wa Zamu ya Kwanza wa kumwangalia Siwema, ikanipata mimi. Ikatafuta wa Zamu ya Pili wa kuniangalia mimi, ikampata Siwema.

Ndivyo alivyohamishwa kutoka Kimara akaletwa chumbani kwangu. Tuliishi nyumba moja miaka karibu miwili bila kusalimiana.

*

Kondo alipokwenda upande wake, vita vilianza, na aliyevianza ni Siwema.

Niliamka Jumapili moja nikajikuta nimefungwa kanga mpya, ya manjano, nisiyoijua. Niliposimama mbele ya kioo nikasoma maandishi yake: ALIYE MACHO NDIYE MWENYE CHAKE. Yeye alikuwa ameshalala, uso wake umetulia kama hajawahi kumkosea mtu.

Nilimwita shoga yangu Mwantumu, msusi wa nyumba ya pili, aje aone. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Shoga, huyu kakuvisha barua!"

"Nichanie hiyo."

"Nichane kanga nzuri hivi? Nipe mimi. Na wewe mjibu. Si unazo nywele zake hapo, zimelala?"

Kwa hiyo nilimsuka. Nilimsuka twende kilioni, ile misuko minne mikubwa ya haraka ambayo wanawake husukana wakiwa wamepata habari ya msiba na hawana muda wa kujipamba. Kwa bi mdogo aliye na mume wake macho, kuamka na kichwa cha namna hiyo ni tusi. Nilifurahi wiki nzima.

Nilipoamka mara iliyofuata nilikuwa na hina mikononi hadi kwenye viwiko. Maua ya bibi harusi. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nimelala wiki nzima peke yangu, nimepambwa kwa ajili ya bwana ambaye yuko kwa mwenzangu. Nilisugua kwa ndimu hadi ngozi ikauma.

Haya ya nje niliyaweza. Yaliyonishinda ni mengine. Nilikuwa nikimwosha Kondo Jumatatu nikakuta ndevu zake zimekatwa kwa namna ambayo mimi sikuwahi kumkata. Nikakuta kitufe cha shati lake kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Nikamnusa shingoni, nikasikia udi ambao si wangu. Kila wiki mwili ule ulirudi kwangu umebadilika kidogo, na kazi yangu ilikuwa kuugeuza na kuupaka mafuta. Nilivuta pazia mbele ya vitanda vyao nisiwaone pamoja. Kisha nikaona pazia linawapa faragha, nikalivua.

Idi Kubwa ijayo angerudi kwangu. Nililishika hilo kwa meno.

*

Alhamisi moja, Idi Kubwa ikiwa karibu, nilianza na Kondo, kama kawaida. Nilimchoma, nikaandaa kichupa cha Siwema, nikaangalia kioo kidogo cha mapigo ya moyo kilichopo juu ya kitanda kabla ya kuchoma, kama tulivyofundishwa.

Moyo wa aliyelala huenda polepole sana. Pigo moja, unavuta pumzi, pigo jingine. Niliona pigo la Siwema likipita kwenye kioo, mstari mpana wa kijani. Halafu, katikati, pale palipotakiwa kuwa patupu, niliona mstari mwembamba ukitetemeka haraka haraka. Nikadhani ni mtambo. Nikauzima nikauwasha. Ulikuwa palepale, una haraka zake.

Mafunzoni tuliambiwa. Kabla moyo wa mtoto haujaanza kupiga, dawa haina cha kumdhuru. Ukishaanza, dozi ya kwanza atastahimili, lakini ya Alhamisi inausimamisha. Ukiona mapigo mawili usichome. Bonyeza kitufe chekundu. Mama anatolewa kwenye zamu pamoja na mumewe, na wote wawili wanapelekwa Chalinze.

Pamoja na mumewe.

Nilikaa kwenye kigoda, bomba la sindano mkononi, limejaa. Vitanda vyetu vilikuwa vya mwanzo mwanzo, havikutunza kumbukumbu. Kioo kikizimwa hakijui kilichoonekana jana. Mimba changa huharibika hata kwa wasiolala, na hakuna ambaye angeuliza.

"Hodi wenyewe!" Mwantumu aliingia na kikapu chake cha sokoni. "Mbona umeshika sindano kama umeshika nge?"

Nikamwonyesha kioo. Alikitazama kwa muda, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Lahaula! Mwenyewe anajua?"

"Sidhani."

"Na ukibonyeza?"

"Wanaondoka wote wawili. Mpaka mtoto afikishe miaka kumi na miwili."

"Na Kondo anarudi kwako Idi hii."

"Alikuwa anarudi."

Mwantumu aliweka kikapu chini, akakichukua tena. Aliposema, hakunitazama. "Shoga, mimi nitakwambia la dunia, la akhera utajiambia mwenyewe. Wewe si daktari. Umepewa kazi: Alhamisi, kichupa kimoja, mkono wa kushoto. Choma, zima hicho kioo, twende zetu sokoni."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani? Hata mama yake hajamjua." Alikwenda hadi mlangoni. "Na mimi leo sijaingia humu."

Akatoka. Kisha kichwa chake kikarudi. "Ila ukichoma, usinisimulie. Kabisa. Hata tukizeeka."

*

Dozi ilitakiwa iingie kabla ya alasiri. Baada ya hapo mwili huanza kujiamsha wenyewe.

Sitaandika kwamba niliwaza mazuri. Nilimwaza Kondo huko Chalinze akimshika mtoto mikono miwili, anamfundisha kusimama. Nilimfikiria Siwema akipika na mlango uko wazi, amechoka, hana hata haja ya kujipamba kwa sababu hakuna wa kushindana naye. Niliwaza wakizeeka kwa mwendo mmoja. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuonewa wivu kwa kuzeeka.

Nilisimama. Nikafunga kitambaa juu ya kiwiko cha Siwema, nikapapasa kutafuta mshipa. Huwa haupatikani kwa urahisi, unakwepa kushoto. Niliujua mkono ule vizuri. Nilijua kovu lake la jivu la moto, nilijua kidole chake cha pete ni kinene.

Na ghafla niliuona mkono ule ukinitafuta mimi mshipa.

Wiki yangu ya kulala, kila Alhamisi, mwanamke huyu alikuwa amesimama hapa nilipo, na sindano yangu mikononi mwake. Dozi ikizidi kidogo moyo husimama. Alikuwa na mume aliyemtaka, na mke mwenzake amelala mbele yake kama gunia. Alinivisha maneno. Alinipaka hina ya dhihaka. Lakini kila Jumapili niliamka.

Nikafungua kitambaa. Nikaweka sindano juu ya sahani ya bati, nikakaa.

Kitufe sikukibonyeza. Sikutaka ajulishwe na nesi.

Adhana ya alasiri ilipita. Jua lilipokuwa limefika kwenye paa la jirani, kidole cha Siwema kilicheza juu ya shuka. Alikohoa. Akafumbua macho, akaniona.

"Dada?" Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Wiki imeisha?"

"Haijaisha. Leo Alhamisi."

"Mbona uko macho?"

"Ni wiki yangu, Siwema. Wewe ndiye uliyeamka."

Nikampa maji. Alikunywa huku ananitazama juu ya ukingo wa kikombe, kama paka aliyewekewa samaki na mtu anayempiga mawe kila siku. Kisha akaiona sahani.

"Hukunichoma."

"Una mimba. Moyo umeanza kupiga."

Hakulia wala hakushukuru. Alishika tumbo kwa mikono miwili, akaliachia, akaishika sindano. Aliigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa imejaa, haina hata pumzi ya hewa.

"Hii uliivuta asubuhi," alisema.

"Ndiyo."

"Ukakaa nayo mpaka sasa hivi."

"Nilikaa nayo."

Akaiweka chini taratibu. "Mimi ningekuwa wewe..."

"Ungefanyaje?"

"Sijui, dada. Na tusitafute kujua."

Kati yetu Kondo alikuwa amelala, kifua chake kinapanda na kushuka, hana habari. Nikasema, kwa sababu sikuweza kujizuia, "Basi umeshinda. Mchukue."

Siwema akakaa wima kwa hasira, ingawa kichwa kilikuwa bado kizito. "Nimeshinda nini? Unajua mimi naishije na huyu? Akitoka kazini, hajavua viatu, anavuta kigoda hicho ulichokalia anakaa kando ya kitanda chako. Anakusimulia. Mimi nimepika, nimejipamba, naitwa kuleta chai. Nikimuuliza kazi ilikuwaje, ananijibu, 'Nzuri tu.' Nzuri tu! Na wewe umelala zako na midomo imefumba, unapewa yote."

"Ananisimulia nini?"

"Kamuulize mwenyewe. Mimi nilikuwa natoka nje." Alijifuta pua kwa ncha ya shuka. "Unadhani zile hina nilikupaka kwa raha?"

Nilimtazama mwanamke yule, nywele zake zimesimama upande mmoja, nikaona kwamba kwa miaka miwili tulikuwa tumemwonea wivu mtu aliyelala. Kila mmoja wetu.

"Kitufe ni hicho," nikamwambia. "Bonyeza mwenyewe."

"Nikibonyeza tunaondoka naye."

"Najua."

Alisubiri kidogo, labda akidhani nitabadili neno. Kisha akabonyeza.

*

Nesi alikuja Ijumaa asubuhi, akampima Siwema, akamwamsha Kondo. Alipoelezwa, alikaa kitandani muda mrefu na miguu yake sakafuni, ananitazama mimi, anamtazama Siwema, hajui aanze kumfurahia nani na kumlilia nani. Gari la kuwapeleka lingefika baada ya sala.

Siwema alifunga mizigo. Alipita mbele yangu na bonge la nguo, akasimama. "Njoo nasi, dada. Wameniambia bi mkubwa anaruhusiwa."

Ni kweli waliruhusu. Ila anayetoka kwa hiari hupoteza nafasi yake ya zamu, na foleni ya kurudi, langoni pa jiji pale Kibaha, ina miaka. Foleni haikufa, ilihamia huko. Lakini si hilo lililonizuia. Kuishi na mke mwenza aliyelala kulikuwa kumenimaliza nusu. Aliye macho angeimaliza nusu iliyobaki. Nilikijua kimo cha wivu wangu, na mara hii kungekuwa na mtoto ndani ya nyumba.

"Nendeni," nikasema.

Kondo alibaki nyuma, anatafuta kofia ambayo ilikuwa kichwani mwake.

"Mwenzangu ameniambia ulikuwa unanisimulia," nilimwambia.

Aliona aibu, mtu mzima yule. "Nilidhani husikii."

"Sikusikia. Niambie hata moja."

Akatazama mlangoni, akainama karibu na sikio langu. "Nilikuwa nakusimulia kwamba anatia chumvi nyingi."

Nilicheka. Miaka mingi sikuwa nimecheka vile, na yeye akacheka, na huko nje Siwema akauliza kwa sauti kali tunacheka nini. Honi ya gari ikapigwa. Alinishika mkono, palepale alipokuwa akinichoma, akatoka.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Mimi nikilala sasa huangaliwa na nesi wa Mamlaka. Naandika wiki zangu za macho, nisije nikaipoteza sauti ya Kondo. Wataruhusiwa kurudi mjini mtoto atakapotimiza miaka kumi na miwili. Siku hiyo Kondo atakuwa amezeeka miaka kumi na miwili, na mimi sita.